Bwana Spiriti na Majani ya Mpera

"Epua hiyo sufuria, Mama Watoto, hayo si maji ya kumwoshea mtu kidonda," alisema marehemu, akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa jiko, mguu wa kulia ameuinua juu ya kigoda na bandeji imefungwa mpaka kifundoni, na mkewe, bila kugeuka, akajibu kwamba sufuria haiepuliwi kabla majani hayajatoa rangi, na kwamba kama kuna mtu ana amri za kutoa, akazitoe maabara.

"Si wewe uliyeniambia duara limeonekana?" aliongeza mkewe.

"Limeonekana kwenye sahani."

"Na hao bakteria wa kwenye sahani ni wa nani? Wa jirani?"

"Ni wangu."

"Basi. Bakteria ni wako, mguu ni wako, mpera ni wetu. Mimi nimekosea wapi?"

"Sahani haina figo, mke wangu. Sahani haina damu wala homa. Kinachofanya kazi pale, hapa kinaweza kisifanye, au kikanimaliza haraka zaidi."

"Na mimi sina mume mwingine," alisema mkewe, akaongeza moto.

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake na marehemu, ugomvi huo ulikuwa mwezi Septemba mwaka jana, na familia imeuweka mwanzo kwa sababu marehemu hakupenda historia zinazomgeuza kila aliyekufa kuwa malaika, akirudi mazishini alikuwa akiuliza, "Huyo waliyemsoma leo ni nani, mbona mimi nilifanya kazi na mwingine?" Tena tunajua kwamba tangu msiba huu uanze wengi wenu mmekuwa mkiulizana chini kwa chini, inakuwaje mtu aliyehangaika na majani ya miti ya matunda miaka yote hiyo afe kwa kidonda, na kwa nini hakujitibu kwa kile alichokitafuta. Swali hilo hatutalikwepa, ingawa jibu letu halitamridhisha mtu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1966, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa nne na wa kwanza wa kiume wa mlinzi wa ghala na mkewe mshonaji. Alipokuwa na umri wa miaka saba, dada yake anayemfuata, ambaye ni shangazi yetu aliyekaa pale mbele, aliungua goti kwa uji, kidonda kikatunga usaha, na bibi yetu akawa anakiosha kila siku kwa maji ya majani ya mpera mpaka kikapona, na kovu lipo hadi leo, shangazi haoni tabu kulionyesha. Watu wengine wangesema hapo ndipo alipojua dawa. Yeye alisema hapo ndipo alipoanza kusumbuliwa, kwa sababu hakuna aliyeweza kumwambia kama kidonda kilipona kwa majani au kwa maji yaliyochemshwa tu, na bibi alipoulizwa alimwambia kama anataka kujua zaidi aunguze goti lake mwenyewe.

Alianza elimu ya msingi mwaka 1974 katika shule iliyokuwa ng'ambo ya reli, akaendelea na sekondari mwaka 1981, ambako alipenda kemia na alikatazwa rasmi kuimba kwenye kwaya, na mwaka 1988 akahitimu chuo cha wataalamu wa maabara za hospitali. Tarehe 1 Februari 1989 aliajiriwa katika maabara ya hospitali hii hii iliyomuuguza, na hapo ndipo alipofanya kazi mpaka mguu ulipomkataza kupanda ngazi.

Kwa wasioijua, maabara hiyo ni chumba kimoja mwisho wa korido, kati ya stoo ya mitungi ya hewa na chumba cha kufulia mashuka, dirisha lake limepakwa rangi nyeupe nusu ili jua lisiingie, kina beseni lenye bomba linalodondosha maji, na kabati la joto ambamo bakteria huachwa wakue mpaka kesho yake. Kazi ya marehemu ilikuwa kuchukua usaha, mkojo au damu ya mgonjwa, kuipaka kwenye sahani ndogo yenye jeli ambayo ni chakula cha bakteria, kupanga juu yake vipande vya karatasi vilivyolowekwa dawa mbalimbali, kisha kesho yake kutazama ni kipande kipi kimezungukwa na duara safi, yaani mahali ambapo bakteria wameshindwa kuota. Penye duara aliandika "wanasikia", pasipo na duara aliandika "hawasikii", na daktari akisoma hapo anajua mgonjwa apewe dawa gani. Miaka ya mwanzo, alisema, neno la pili lilikuwa la nadra, kalamu yake ilikuwa haijalizoea.

Mke wake alimpata ukuta wa pili, chumba cha kufulia. Mama alikuwa mfuaji wa mashuka ya hospitali, kazi yake kuchemsha, na koti la marehemu lilikuwa likifika kwake kila Ijumaa likiwa na madoa ya zambarau ya ile rangi wanayopaka bakteria ili waonekane, mpaka siku moja akalirudisha likiwa chafu vile vile, na ujumbe kwamba mwenye koti aamue moja, yeye ni mtu wa hospitali au ni mpaka rangi. Marehemu alikwenda kuomba radhi, akakuta Mama anakoroga pipa la mashuka kwa mti mrefu, jasho linamtiririka, akamwuliza ni kwa nini anachemsha muda wote huo, na Mama akamjibu, "Ili kife kila kitu." Alisema hakuwahi kusikia mwanamke akiongea vizuri namna ile. Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1996, wakajaliwa watoto watatu, binti mkubwa ambaye ni mwalimu, mtoto wa kiume ambaye ni fundi umeme, na binti wa mwisho, ambaye aliacha sekondari mwaka jana ili abaki nyumbani kumuuguza, jambo ambalo marehemu alilipinga kwa nguvu zote alizokuwa nazo, na nguvu zenyewe zilikuwa zimebaki kidogo.

Mwaka 2007 ililetwa maabara sampuli ya usaha ya mama mmoja kijana aliyekuwa amejifungua kwa upasuaji. Marehemu alipanga dawa zote zilizokuwepo, akaandika "hawasikii" kuanzia juu mpaka mstari wa mwisho, akaona si jibu la kumpa mtu mwingine apeleke, akalipeleka wodini mwenyewe, akamwona daktari akilisoma, kisha daktari akatazama dirishani. Yule mama alifariki wiki ile ile, mtoto akachukuliwa na bibi yake. Siku hiyo marehemu aliporudi nyumbani hakuingia ndani, alikwenda moja kwa moja uani kwenye mpera, akiwa bado amevaa koti, akaanza kuchuma majani.

Tangu hapo, kila alipomaliza kazi za hospitali, alibaki na kazi zake. Alianika majani ya mpera kivulini, akayasaga, akayaloweka kwenye spiriti, akatoboa vipande vya karatasi kwa ile mashine ya ofisini ya kutobolea makaratasi, akavichovya na kuvipanga kwenye sahani zenye bakteria wasiosikia. Alikusanya pia maganda ya komamanga kwa muuza juisi wa nje ya geti, ambaye baada ya kumwona anabeba maganda tu muda mrefu alimvuta pembeni akamwambia kwa huruma, "Mzee, hali ikiwa mbaya useme, nitakupa na ya ndani." Muuza juisi huyo yuko hapa leo, na maganda alimwekea mpaka mwisho.

Maduara yalitoka. Yalitoka makubwa kama bangili za mtoto, marehemu akawa hali wala hanywi, na mwaka 2010 mganga mkuu akamwandalia siku ya kuwaeleza wafanyakazi wote ukumbini. Siku moja kabla, katika kupanga sahani za kwenda kuonyesha, ilibaki nafasi moja wazi, akaona isikae bure, akaweka kipande kilichochovywa spiriti tupu, bila jani. Asubuhi kile nacho kilikuwa na duara, kubwa kama la wenzake. Alikuwa akiviweka vipande kabla havijakauka, na kilichokuwa kikiua bakteria muda wote huo kilikuwa spiriti. Mwingine angeugua ghafla siku hiyo. Yeye alikwenda ukumbini, akasimama mbele ya watu waliovaa vizuri kwa ajili yake, akasema, "Nilitaka kuwaambia kwamba majani yanaua bakteria, nimegundua kinachoua ni spiriti, ambayo mnayo tayari, chai imeshaandaliwa, karibuni mnywe." Ndipo akapewa jina la Bwana Spiriti, na mganga mkuu akikutana naye koridoni alikuwa akimwuliza, "Leo umegundua nini, maji?"

Alicheka nao, lakini hakusahau. Kuanzia siku ile hakuna sahani iliyotoka mkononi mwake bila kipande kitupu, yaani karatasi isiyo na jani iliyopitia kila kitu ambacho zile nyingine zimepitia, na tabia hiyo akaileta mpaka nyumbani, Mama akisema sabuni mpya inatakatisha, yeye anauliza liko wapi shuka lililofuliwa kwa ile ya zamani, tukiweka sukari kidogo kwenye chai yake anataka kikombe cha pili kisicho na kitu ili alinganishe. Alianza upya, akawa anaikausha spiriti yote na kulirudisha jani kwenye maji safi, na maduara yakaja tena, membamba, upana wa ukucha, lakini ya kweli, mpera kwa bakteria hawa, komamanga kwa wale. Walimu wa chuo kikuu walichukua majani yake, wakarudia, wakaona alichoona. Wakamweleza kwa heshima kwamba kutoka kwenye sahani mpaka kwenye chupa ya dawa kuna kujua kipimo, kujua figo na ini vitavumilia nini, kujaribu kwa wanyama, kisha kwa watu waliokubali, kazi ya watu wengi na ya muda mrefu, ambayo chumba kimoja karibu na dobi hakiiwezi. Hakuwalaumu, aliendelea kupima alichoweza kupima. Majirani mliokuja kumwomba chupa mnajua alivyowarudisha hospitali, na baadhi yenu mlinuna, na yeye aliwaacha mnune.

Marehemu aligundulika kuwa na kisukari mwaka 2015. Tarehe 16 Desemba 2023 alimwoza binti yake mkubwa, akavaa viatu vipya, akacheza mpaka wapambe wakaomba kupumzika, na aliporudi nyumbani soksi ilikuwa imeganda damu, kisigino kimechubuka na pembeni mwa kidole kidogo pia, naye hakuwa amehisi chochote, kwa sababu sukari ilikuwa imeshachukua hisia za miguu. Alikwenda hospitali siku iliyofuata kama inavyotakiwa. Vidonda vile viwili vilifunga, vikafumuka, vikafunga, na mwezi Julai vikagoma kabisa.

Aliyeotesha usaha wake ni mtaalamu mwenzake, dada ambaye marehemu alimfundisha kazi na kumwita Mrithi. Mrithi aliandika "hawasikii" mpaka akafika kwenye sindano moja tu iliyokuwa na duara, marehemu akalazwa, akachomwa hiyo, figo zikaanza kulegea, madaktari wakaisimamisha. Ndipo Mrithi, bila kuagizwa na mtu, akaweka kwenye sahani ya bakteria wa mwalimu wake kipande cha mpera, kipande cha komamanga, na kipande kitupu, na kesho yake akaja kitandani na simu yenye picha. Kipande kitupu hakikuwa na kitu. Mpera ulikuwa na duara. Marehemu aliitazama picha hiyo kama mtu anayetazama picha ya mtoto wake, akasema, "Umeikausha vizuri spiriti?" Mrithi akasema ameikausha mara mbili. Mama alikuwa amesimama nyuma yao, na yeye aliona alichoona.

Huo ndio mwanzo wa ugomvi wa jikoni. Daktari aliulizwa, akasema kwa upole kwamba hana ushahidi kwamba maji hayo yatasaidia na hana ushahidi kwamba hayatadhuru, kwa hiyo hawezi kuyaandika. Marehemu alikataa siku ile, akakataa na kesho yake. Alichokuja kukiona ni Mama amekaa uani juu ya ndoo iliyopinduliwa, sufuria iko kando, mikono ameiweka mapajani, viganja juu, hana la kuifanyia. Alimwambia binti yake wa mwisho, "Tangu nimjue mama yako sijawahi kuiona mikono ile imekaa." Akamwita, akamwambia achemshe, kwa sharti moja, kidonda cha kisigino akioshe kwa maji ya mpera, na cha kidole akioshe kwa maji matupu yaliyochemshwa na chumvi, bandeji ile ile, saa ile ile, ili angalau wajue.

"Mguu wako umekuwa maabara," alisema Mama.

"Ndiyo iliyobaki."

Ikawa hivyo kila asubuhi. Vidonda vilianza kutakata, vyote viwili, nyama ikawa nyekundu, harufu ikapungua, Mama akaanza kuimba akiwa anaanika bandeji, na jirani wa mlango wa pili akaleta majani ya mpera wake kwa sababu wetu ulikuwa umebaki matawi. Kisha homa ikaja, ikashuka, ikarudi. Kidonda kinapendeza juu, mtu anatetemeka chini ya mablanketi mawili. Sisi tulikuwa tunatazama mguu, na ugonjwa ulikuwa umeshahama mguuni.

Katika siku hizo binti wa mwisho alikuwa akikunja bandeji za jana, akaona zote mbili zina doa la kahawia la majani, ya kisigino na ya kidole. Alimpelekea baba yake, maana alimjua, alijua alivyokuwa akitupa kazi ya wiki nzima kwa sababu ya kipande kitupu kimoja kilichosahauliwa. Marehemu alizishika bandeji zile, akazigeuza, akasema, "Nimeziona tangu wiki ya kwanza. Hakuweza kukiacha kimoja bila dawa. Mwache." Mama ameruhusu hili lisomwe, alisema watu wajue, alikuwa anafika kwenye kile cha kidole na maji yake ya chumvi, na mkono unakwenda wenyewe kwenye sufuria.

Kwa hiyo, ndugu waombolezaji, kama majani yalisaidia, hatujui. Kama yalidhuru, hatujui. Wapo waliokwisha kuja tangu Jumanne kuomba majani, na mpera uko uani, hatumfukuzi mtu, ila tunawaomba kwa jina lake mwende hospitali kwanza.

Marehemu alilazwa tena tarehe 3 Februari 2025, madaktari wakashauri mguu ukatwe, akakubali, akatania kwamba sasa atanunua kiatu kimoja kimoja, lakini damu ilikuwa imeshachafuka na hakuweza tena kulazwa juu ya meza ya upasuaji. Alifariki Jumanne tarehe 11 Februari, saa tatu asubuhi, Mrithi akiwa amesimama miguuni kwake na sahani mpya ambayo hakuna aliyeiuliza imesemaje.

Familia inawashukuru madaktari ambao hawakutudanganya hata pale tulipotamani watudanganye, wauguzi wa wodi ya upasuaji wanaume, wenzake wa maabara na wa chumba cha kufulia, Mrithi, muuza juisi, jirani wa mlango wa pili ambaye mpera wake sasa nao umebaki mtupu, na ninyi nyote mliokesha na kupika na kubeba viti. Majina yenu hatuwezi kuyamaliza, msitununie, tumejifunza kwake kuwaacha watu wanune, lakini hatupendi.

Tulitaka kumalizia kwa kumwombea Baba apumzike, tukakuta yeye ametutangulia. Jumatatu jioni, muda wa kutazama wagonjwa ulipokwisha, Mama alichukua kikapu chake na chupa tupu iliyokuwa na maji ya majani, ili awahi nyumbani kuweka sufuria kwa ajili ya kesho, na alipofika mlangoni mwa wodi marehemu, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema neno, akamwita. Mama akageuka, mkono uko kwenye kitasa.

"Leo usichemshe, Mama Watoto. Pumzika."